Kuku wapo bandani, yai halipo sahanini

Asubuhi moja kwenye kipindi tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Ndago, wilayani Iramba. Aliandika hivi: "Mtangazaji, yai dukani ni 400. Mimi hapa nina mitetea sita. Mbona watoto wangu hawali mayai?" Nikausoma hewani kama tunavyosoma ujumbe mwingine wowote. Mwenzangu studio akaanza kucheka, akaacha katikati. Zikafuata meseji kutoka Nduguti, Ikungi, Itigi, kila mmoja na bei yake: trei ya mayai, robo ya sukari, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni.

Nilimuahidi yule mama jibu la maandishi, maana dakika tatu kabla ya taarifa ya habari hazitoshi. Jibu lina hesabu kidogo. Ukiweka bei za kwenu badala ya hizi zangu litakufaa zaidi.

Yai la dukani limekula nini

Tuanze na yai la 400. Hilo limetagwa na kuku wa kisasa aliyefungiwa bandani, likasafiri kwenye trei ya mayai 30 hadi kwa Mangi. Kuku huyo haokoti wadudu uani. Anakula chakula cha kuchanganywa, takribani gramu 120 kwa siku, atage asitage. Mwenye kuku 100 anahitaji kilo 12 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Tuchukulie mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 70,000. Hiyo ni 1,400 kwa kilo, na kilo 12 ni 16,800 kwa siku. Kuku 100 wakiwa na afya nzuri watakupa mayai kama 80, kwa sababu hakuna kuku anayetaga siku zote bila kupumzika. Gawanya 16,800 kwa 80. Kila yai limeshakula shilingi 210 kabla hujalipa chanjo, taa, maranda, kijana wa kuhudumia banda, na miezi yote uliyomlea kuku huyo tangu kifaranga bila kupata chochote kwake. Wataalamu wa mifugo hukadiria kuwa chakula peke yake ni asilimia 60 hadi 70 ya gharama za kuku wa mayai. Kwa hiyo yai lililokula 210 limemgharimu mfugaji kati ya 300 na 350. Akiuza trei kwa 9,000, hajapata kitu.

Ndiyo maana huwa natulia kwanza msikilizaji akipiga simu na kusema wafugaji wa mayai ni walanguzi. Walanguzi wapo, siwatetei. Lakini wengi ninaowafahamu mimi ni akina mama wa mjini wenye banda la kuku 200 nyuma ya nyumba, na hesabu yao ndiyo hiyo.

Sasa tuseme chakula kimepanda shilingi 100 kwa kilo. Yai moja linabeba kama gramu 150 za chakula, kwa hiyo gharama yake imeongezeka shilingi 15. Kumi na tano tu. Lakini lini uliona yai dukani likipanda kwa shilingi 15? Lilikuwa 350, kesho ni 400. Sababu ni chenji. Sarafu ndogo tunayoitumia kweli siku hizi ni ya 50. Ya 20 na ya 10 ukimpa mtoto anaichezea. Basi bei ya rejareja haipandi kwa hatua fupi, inaruka.

Angalia mruko huo unamwangukia nani. Anayenunua trei nzima mjini anaongezewa kama 500. Wewe unayenunua moja leo na mawili keshokutwa, hadi ufikishe 30 umeongezewa 1,500. Ni mayai yale yale, tofauti ni shilingi elfu moja, na umeilipa kwa sababu hukuwa na elfu kumi ya pamoja. Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo. Sukari ya robo ni hivyo hivyo, na majani ya chai ya kipaketi kidogo. Sisemi Mangi ni mwizi. Naye kuna mayai yanamvunjikia njiani, kuna bodaboda aliyemlipa, kuna daftari la madeni ambalo nusu yake halitalipwa. Lakini gharama zote hizo zikishakusanywa, humwangukia anayenunua kidogo kidogo, na huyo mara nyingi yuko kijijini.

Mashudu yanaondoka, chakula kinarudi

Kilo hiyo ya chakula ina nini ndani? Karibu nusu ni mahindi. Kinachobaki ni pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa, madini na vitamini kidogo.

Isome tena orodha hiyo ukiwa umekaa Singida. Mahindi tunalima. Pumba tunazo. Alizeti ndiyo inayotutambulisha nchi nzima. Mashine zetu zikishakamua mafuta, mashudu hupakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya vyakula vya mifugo Dar es Salaam, na mengine huvuka mpaka kabisa. Ni karibu kilometa 700 kufika Dar es Salaam. Huko yanachanganywa, yanatiwa kwenye mfuko wenye picha ya kuku, kisha mfuko unarudi kwa barabara ile ile. Dizeli ya kwenda na dizeli ya kurudi zote ziko ndani ya bei ya mfuko. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukiifuata orodha yao hadi mwisho utaona lita ya Singida ni ghali kuliko ya Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta nayo yamesafirishwa. Yakipanda, yanatupata kwenye mashudu, kwenye mfuko wa chakula, na kwenye trei.

Mahindi ndiyo yanayoniuma zaidi. Mwezi wa sita tukiwa tumevuna, bei iko chini, na mkulima anauza kwa sababu ana deni la dukani, ana michango ya shule, ana mgonjwa. Ikifika Desemba au Januari yule yule anarudi mnadani kununua debe, na mfugaji wa kuku anagombania debe hilo hilo. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, baada ya msimu wa mvua kidogo, gunia la kilo 100 lilipita shilingi laki moja katika masoko mengi, hadi Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wakafungua maghala na kuuza mahindi kwa bei nafuu. Mfugaji katika msimu kama ule ana njia mbili: apunguze kuku, au apunguze ubora wa chakula, na kuku akilishwa vibaya hutaga kidogo. Njia zote mbili mwisho wake ni mayai machache.

Kuna na njia ya tatu, ya hatari, ya kununua mahindi yaliyoota ukungu kwa bei ya kutupa ukidhani kuku hajali. Anajali. Sumukuvu humharibu ini na kupunguza utagaji. Sisi wa kanda hii tunaijua sumu hiyo, tukikumbuka mwaka 2016 ilivyoua watu kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara.

Mahindi yameshuka, mbona yai halishuki?

Swali hili huja kila mwaka kati ya Julai na Septemba. Kuku wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mfugaji aliyeuza kuku wake Februari kwa sababu chakula kilimshinda, akinunua vifaranga Juni mahindi yakiwa mengi, ataokota yai la kwanza Oktoba au Novemba. Katikati hapo mahindi ni rahisi na mayai ni adimu. Halafu likija kundi lote la waliojaza mabanda kwa pamoja, mayai yanamwagika sokoni, bei inaanguka, na wengine wanafilisika. Nimeshuhudia majirani watatu wakiingia kwenye biashara hii mwaka mmoja na kutoka mwaka uliofuata, wote wakiwa wameingia siku mayai yalipokuwa ghali.

Nigusie pia video zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, za maduka makubwa ya Marekani yenye rafu tupu. Ni za kweli. Mafua ya ndege yaliangamiza kuku na ndege wengine wafugwao zaidi ya milioni 100 huko tangu 2022, na Machi 2025 dazeni moja ilifika wastani wa dola 6.23, zaidi ya shilingi 1,300 kwa yai moja kwa pesa yetu ya wakati ule. Lakini mayai yetu hayatoki huko. Tanzania ilifunga milango kwa kuku na vifaranga vya nje tangu 2006 kwa hofu ya ugonjwa huo huo, na wengi wetu tunakumbuka Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitokea Kenya vilivyochomwa moto, jambo lililozua mjadala mkubwa. Yai lako limepandishwa bei na mahindi, mashudu na dizeli. Anayekwambia ni mafua ya Marekani anakuuzia habari za watu wengine.

Mitetea sita ya Ndago

Sasa nirudi kwa mama wa Ndago, maana mitetea yake haili mfuko wa 70,000. Inaokota. Mbona basi watoto hawali mayai?

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Tuseme 50. Mitetea sita ni mayai 300. Yanasikika mengi, lakini mwaka una siku 365. Kwa hiyo mama mwenye mitetea sita hapati hata yai moja kwa siku. Katika hayo 300, lazima ayaache mengine yaatamiwe, la sivyo mwakani hana kuku. Akiacha nusu, yanabaki 150, kama matatu kwa wiki. Nyumba ina watoto wanne.

Na hayo matatu yana kazi. Mimi nimekulia kwenye nyumba kama hiyo. Mama yangu alikuwa anahifadhi mayai kwenye beseni la pumba chini ya kitanda, na sisi watoto tulijua kila yai ni la nini: haya ya daftari, haya ya mafuta ya taa, haya ya chumvi. Siku ya mnada yanafungwa vizuri, yanaondoka. Tulikula yai mtu akiwa mgonjwa au likipasuka. Nakiri tulikuwa tunaomba yapasuke.

Leo mafuta ya taa yamepungua, wengi wana taa ya sola, lakini yai bado ni pesa ya mama. Hebu pima vitu vya dukani kwa mayai. Kama mchuuzi anakupa 400 kwa yai la kienyeji na kilo ya sukari ni 3,200, robo ni 800, mayai mawili. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilijaza maji kwenye mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna, sukari ikaadimika. Bodi ya Sukari ilitoa bei elekezi ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kulingana na eneo, lakini vijijini watu walinunua kwa 4,000 na zaidi. Robo ikawa 1,000 kwenda juu, mayai matatu. Hilo yai la tatu lilitoka wapi? Mtetea hakuongeza bidii. Lilitoka kwa mtoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama huyo ni hili: watoto wako hawali mayai kwa sababu wanakula sukari, sabuni na mafuta kwa njia ya mayai. Kila kitu dukani kinapopanda, kinachukua yai jingine kutoka kwenye beseni. Wataalamu wa lishe wanaokuja redioni kwetu wanasisitiza yai kwa mtoto wa kuanzia miezi sita, kwa sababu ni protini nzuri kuliko nyingi tunazozipata kijijini, na wanasema kweli. Ila tukitangaza "mpe mtoto yai" bila kuuliza hilo yai limeshaahidiwa nani, tunamlaumu mama kwa hesabu ambayo hakuianzisha yeye.

Mafuta ya kula yana kichekesho chake kichungu. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, nchi inayouza mafuta ya alizeti kwa wingi duniani, bei ya mafuta ilipaa hapa kwetu, dumu la lita 20 likawa la kuulizia tu. Mkulima wa alizeti akafurahi, akalima zaidi. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaanguka, magunia yakalala majumbani, na wanunuzi wa mafuta ndio wakapumua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hao ni watu wawili tofauti. Hapa kwetu ni mtu mmoja: anauza gunia asubuhi, jioni anatuma mtoto na chupa kwenda kupimiwa mafuta.

Asilimia 3.1 ni ya nani?

Kila mwezi tunasoma taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu mfumuko wa bei, na kila mara tukisema uko chini, simu zinalia kwa hasira. Mwaka 2024 wastani ulikuwa asilimia 3.1. Msikilizaji mmoja aliuliza kama takwimu hizo zinachukuliwa mwezini.

Zinachukuliwa masokoni, na sina sababu ya kusema ni za uongo. Lakini kuna mambo mawili yanayochanganya. La kwanza, mfumuko ukipungua bei hazijashuka, zimepunguza tu mwendo wa kupanda. Kitu cha shilingi 1,000 kikipanda asilimia 4 ni 1,040. Mwaka unaofuata kikipanda asilimia 3 ni 1,071. Tutatangaza mfumuko umepungua, na wewe umetoa shilingi 31 zaidi.

La pili ndilo linalotuhusu zaidi. Ili kupata namba moja ya nchi nzima, wanapanga kapu la manunuzi, na kila kitu kinapewa uzito wake. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takribani asilimia 28 katika kapu linalotumika sasa. Katika lile la zamani vilikuwa zaidi ya 38. Huo ni wastani wa Watanzania wote, pamoja na wanaolipa pango la nyumba, wanaonunua vifurushi vikubwa vya intaneti na kupeleka gari gereji. Nyumba nyingi za vijijini zaidi ya nusu ya matumizi ni chakula. Sukari, mayai na unga vikipanda, kapu la taifa linatikisika kidogo, la kwako linapinduka. Namba ni sahihi, lakini ukubwa wa maumivu yako haumo ndani yake. Tangu nilipoielewa hoja hii nimekuwa naisoma taarifa hiyo na kuongeza bei za mnada wa wiki, hata kama mhariri wangu analalamikia muda.

Kuhusu la kufanya, ushauri wa kuuza mahindi Januari badala ya Juni ni rahisi kutamka ukiwa na mshahara. Anayeweza kubakiza hata magunia mawili kwenye mifuko isiyopitisha hewa afanye hivyo, na asiyeweza nisimhubirie. Kununua kwa pamoja ninaamini zaidi: nyumba tano zikichanga kila wiki zikanunua dumu moja la mafuta na mfuko wa sukari, zinakwepa ile bei ya kuruka. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo kila kitongoji, vingi vimezoea kugawana pesa mwisho wa mwaka na havijawahi kugawana mafuta.

Na mdondo. Huo ndio mwizi mkubwa wa mayai ya kienyeji kuliko Mangi yeyote. Ukiingia kipindi cha kiangazi unaweza kulala na kuku 15 na kuamka wiki moja baadaye una wawili. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo lake ni kwamba kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mwenye kuku sita peke yake anaona ni hasara. Majirani wakipanga siku moja, kichupa kinakwisha chote na gharama kwa kila kuku haifiki hata robo ya bei ya yai. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, ambapo kuku wa asili wanachanjwa bure. Muulize afisa mifugo wa kata yako zamu ya kijiji chenu ni lini, na umuulize mbele ya mkutano wa kijiji ili jibu lisikike na wengi.

Mitetea sita ya Ndago ikivuka kiangazi salama na vifaranga nusu tu vikikua, mwakani itakuwa kumi na mbili au zaidi. Hapo yai la mtoto linaanza kuwa na nafasi kwenye beseni. Nimempigia yule mama kumweleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ila kuna jogoo wa jirani anamsumbua, na je, redio ina kipindi cha hilo?

Alhamisi hii tutasoma bei za minada ya wiki. Tutumie yako kwa namba ile ile unayoisikia hewani: jina la mnada, bei ya yai moja, bei ya trei nzima, na robo ya sukari. Ukikumbuka bei ya mwezi huu mwaka jana, iandike pia.